Pasteri, Unatafuta Nini Mule Mushitu?

Swali hilo la juu naulizwa karibu kila juma hapa Kinsevere. Wenye kuniuliza si watu wabaya: ni wamama wanaotoka kuchota maji, vijana wanaosukuma kinga zenye mifuko ya makala, hata mzee mmoja wa kanisa. "Pasteri, uko natafuta nini mule mu mushitu?" Nikijibu kwamba natafuta ndege, wanauliza kama ni ya kula. Nikisema ni ya kutazama tu, wanacheka. "Kutazama haishibishe tumbo, Pasteri."

Ni kweli, haishibishi. Lakini aliyetoa kazi hiyo si mimi. Katika Mathayo 6:26 Bwana Yesu anawaagiza wanafunzi wake wawatazame ndege wa angani, na mwalimu wetu wa Kiyunani kule shule ya Biblia alitukalisha karibu saa nzima juu ya neno lile moja. Alisema neno analolitumia Mathayo si kutupa jicho na kupita. Ni kukaza macho juu ya kitu. Luka naye, katika sura ya 12, anatumia neno lingine lenye maana ya kufikiri kwa uangalifu, na ndege anayetajwa pale ni kunguru, ambaye kwa sheria ya Musa alikuwa najisi. Sisi wahubiri tunapenda sana sehemu ya pili ya fundisho hilo, ile ya Baba wa mbinguni anayewalisha. Sehemu ya kwanza tunairuka. Na sehemu ya kwanza ni amri.

Tena amri hiyo ni ngumu kwa watu wa migodi, maana macho yetu yako chini. Mtoto wa kwetu anaijua rangi ya kijani ya malakiti kabla hajajua kusoma. Anapotembea njiani anatazama mawe. Baba yake anafanya kazi kwenye mgodi, kaka yake labda ni krezeri, na nyumbani mazungumzo yote ni ya kilicho ndani ya udongo. Hakuna aliyemwambia ainue kichwa.

Kwa wale wasiopajua, Kinsevere iko kilomita karibu 30 kaskazini ya Lubumbashi. Watu wakisikia jina hilo wanafikiri juu ya shaba tu, na mgodi mkubwa ambao tangu mwaka 2012 uko mikononi mwa kampuni ya MMG. Wanafikiri juu ya malori na vumbi jekundu. Lakini nchi yetu kwa asili ni nchi ya miombo na dembo. Dembo ni lile bonde pana la majani ambalo mvua ikinyesha linajaa maji, na kiangazi likiachilia maji hayo polepole, hata mwezi wa 8 mama akichimba kidogo kwa jembe kando yake anapata maji ya kumwagilia lenga-lenga. Katikati miti haikui, miguu yake ingeoza. Miombo inasimama pembeni kama watu waliokuja kutazama mpira. Na pale kichwani mwa kijito, maji yasipokauka mwaka mzima, ndipo penye mushitu: miti mirefu, giza, baridi, mizizi ndani ya matope. Mtu akiingia mle saa sita ya mchana anafikiri kumepambazuka sasa hivi.

Mimi naenda mapema, kabla ya saa kumi na mbili, mara moja kwa juma. Nina darubini moja ya zamani, jicho lake la kushoto lina ukungu. Nina daftari. Zaidi ya hayo haihitajiki kitu, ila kukaa kimya, na hiyo kwa mchungaji ni shida kubwa kuliko kununua darubini.

Wa kwanza kusikika ni dudumizi. Sauti yake inashuka kama maji yanayomiminwa kutoka chupa yenye shingo nyembamba, na wazee wanasema anaita mvua. Katika dembo zetu kuna mmoja mkubwa ambaye wataalamu wanamwita Centropus cupreicaudus. Neno hilo la pili kwa Kilatini maana yake ni mwenye mkia wa shaba. Vijana wangu nilipowaambia hivyo hawakuamini mpaka asubuhi moja alipotoka kwenye matete kukausha mabawa yake juani. Mmoja wao akasema polepole: "Kumbe shaba iko hata juu." Sikuongeza neno.

Kisha kuna fundichuma, ndege wa rangi ya udongo mwenye kichwa kama nyundo. Anatembea majini kando ya kijito akitafuta vyura. Kiota chake ni jambo la kushangaza: maelfu ya vijiti, upana kupita mita moja, ndani amekandika kwa matope, mlango mdogo umeelekea chini, na paa lake ni gumu hata mtu mzima anaweza kusimama juu yake. Watu wengi katika Afrika wanamwogopa. Wanasema ukiharibu kiota chake nyumba yako itapigwa na radi, na wengine wanasema ni ndege wa wachawi. Nitarudi kwa jambo la wachawi.

Mvua za kwanza zikinyesha, mwezi wa 10 au wa 11, kazi ya kutazama inakuwa rahisi kabisa, maana kumbikumbi wanatoka, wale tunaowaita inswa. Jioni vichuguu vinafunguka na hewa yote inajaa mabawa. Siku hiyo mwewe, mbayuwayu, kuku wa jirani na watoto wa katekisimo wote wanakula meza moja. Mwenye kukaanga na chumvi na kula na bukari anajua ninachosema.

Vichuguu vyenyewe, ndugu msomaji, usivipite hivihivi. Tumezoea kuvichimba kwa ajili ya matofali. Kanisa letu nalo limesimama kwa matofali ya namna hiyo. Lakini vile vikubwa vya miombo yetu ya Lubumbashi, vinavyopita kimo cha nyumba, si vya jana. Wataalamu walichukua udongo wa ndani kabisa wa kichuguu kimoja kilichoachwa, wakaupima, na mwaka 2015 wakaandika kwamba umri wake unapita miaka 2100. Basi wakati Bwana Yesu anazaliwa Bethlehemu, wadudu wale walikuwa wamekwisha kuanza kazi hapa kwetu. Juu ya vichuguu hivyo inaota miti ya namna nyingine kabisa, na ndege wanaokula matunda wanakusanyika pale.

Mbayuwayu wanaofuata mvua hizo wengi wao ni wageni. Yeremia, katika sura ya 8, anawasifu ndege wa safari kwa kuwa wanajua wakati wao, akiwalinganisha na watu wa Mungu wasiojua wakati wao. Zamani watu wa Ulaya hawakujua mbayuwayu wanakwenda wapi wakati wa baridi. Wengine walifundisha kwamba wanalala chini ya matope ya maziwa. Mwaka 1822 huko Ujerumani walipata korongo aliyerudi akiwa na mkuki wa Kiafrika umempita shingoni, naye alikuwa bado anaruka. Ndipo wakaanza kufahamu. Mwaka 1911 mtu wa Uingereza aitwaye John Masefield alimfunga mbayuwayu pete ndogo mguuni, na Desemba 1912 mbayuwayu huyo akapatikana Natal, Afrika ya Kusini. Ndege mwenye uzito usiofika gramu 25! Mimi nikimwona mmoja amekaa juu ya waya wa umeme (umeme wenyewe haupo, lakini waya upo), namwambia karibu.

Sasa nije kwa yule ninayempenda kuliko wote, ingawa si mzuri wa rangi. Ni mlembe, kiongozi wa asali. Anakuja karibu na mtu, anapiga kelele, anaruka mti mmoja mbele, anangoja. Ukimfuata anakufikisha kwenye nyuki. Wewe unachukua asali, yeye anabaki na nta, maana yeye ni mmoja wa ndege wachache sana wanaoweza kuishi kwa kula nta. Karibu na mwaka 1588 mmisionari Mreno, João dos Santos, aliyekuwa Sofala, Msumbiji, aliona ndege wadogo wakiingia kanisani mwake na kudonoa mishumaa. Nafikiri ndilo kanisa la kwanza kuandikwa kwamba lilikuwa na mlembe kati ya washirika wake. Huko huko Msumbiji, katika nchi ya Niassa, watafiti walijaribu jambo moja na kulitangaza mwaka 2016: wawindaji wa asali wa Kiyao wana sauti yao ya kumwita ndege huyu, waliyofundishwa na baba zao. Mtu akitembea msituni na sauti nyingine, nafasi yake ya kuonyeshwa nyuki ilikuwa kama 16 kwa mia. Akitumia ile sauti ya baba zake, ikapanda mpaka 54 kwa mia. Ndege wa porini, ambaye hakuna mtu aliyemfuga, anajua lugha ya watu.

Nisifiche kwamba mlembe ana upande wake mwingine. Mayai yake anayataga ndani ya viota vya ndege wengine, na kinda wake akianguliwa, bado kipofu, anawaua watoto wa mwenye nyumba kwa ndoano ya mdomo wake. Kijana mmoja aliniuliza Mungu alikusudia nini hapo. Nilimjibu kwamba mimi ni mchungaji wa Kinsevere, si wa bustani ya Edeni.

Aliyenifundisha zaidi juu ya mlembe si kitabu. Ni mzee mmoja mchoma makala. Nasema hivyo kwa kusudi, kwa kuwa tukianza kuongea juu ya ndege na miti, watu wa mjini upesi wanawatukana wachoma makala. Lakini wao wenyewe wanapikia nini? Umeme ukikatika Lubumbashi, ni mfuko wa makala kutoka kwetu unaopika bukari yao. Mzee yule anajua kila mti kwa jina, anajua ndege gani analia saa ngapi, na anajua pia kwamba kila mwaka anakwenda mbali zaidi na tanuru lake. Aliniambia: "Pasteri, zamani ule ndege ulikuwa nakuja kuniita hapa hapa ku nyumba. Sasa ni mie nautafuta." Alisema bila kulalamika, kama mtu anayetaja bei ya unga. Ana wajukuu sita wa kusomesha. Mlembe anataka miti mizee yenye matundu, kwa sababu nyuki wanataka matundu. Na mti mzee ndio wenye makala mengi.

Dembo nayo ikipoteza miti ya pembeni inabadilika. Mvua inashuka kwa nguvu, inachukua udongo, na kisima cha mwezi wa 8 kinakauka mwezi wa 6. Kwa hiyo ninaposema na familia zetu juu ya mushitu sianzi na ndege. Naanza na ndoo ya maji ya mama. Ndege ni wale wanaotangulia kuondoka. Ukiwa na daftari unajua mapema.

Na mtu asifikiri kwamba mambo haya ni ya mbali, ya Virunga au ya Serengeti. Upande huu huu wetu, msitu wa Mikembo umelindwa, na watu wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi wamepima miti ya miombo pale kwenye kiwanja cha hektari 10. Na mfikirie ziwa Tshangalele, upande wa Likasi. Ziwa lile halikuwako. Lilitokea kwa sababu ya ukuta wa Mwadingusha uliomalizika mwaka 1930 ili migodi ipate umeme. Maji yakatanda, matete yakaota, ndege wakaja. Mwaka 1960 mtaalamu aitwaye Ruwet alikamata pale kwera, yaani ndege mfumaji wa rangi ya manjano mwenye uso mweusi, na mwaka 1982 wengine wakathibitisha kwamba ni wa namna yake, wakamwita Ploceus ruweti. Mwaka huo huo wa 1982 nchi ya Lufira iliandikwa na UNESCO kati ya mahali pa kuhifadhiwa. Kisha ndege yule hakutajwa tena mpaka mwaka 2009, ilipoandikwa kwamba ameonekana, yupo, anafuma. Wavuvi wa Tshangalele nafikiri wangeshangaa kusikia kwamba alikuwa amepotea.

Vijana wetu wa kanisa walianza kunifuata wakiwa na manati shingoni. Sikuwakataza siku ya kwanza. Tulikaa chini ya mti tukasoma Kumbukumbu la Torati 22, mstari wa 6 na wa 7, mahali ambapo nadhani hawajawahi kusikia mahubiri. Sheria inasema mtu akikuta kiota, na mama amelalia mayai au watoto, asimchukue mama pamoja na watoto. Amwachilie mama aende. Na thawabu yake ni nini? Heri na siku nyingi. Nikawaambia wafungue sura ya 5 wasome amri ya kumheshimu baba na mama. Wakakuta ahadi ni ile ile. Walinyamaza, kisha wakaanza kubishana kwa nguvu: mmoja alisema basi watoto wa ndege unaweza kula, mwingine alisema si hivyo, mwingine akauliza na mama asipokuwako? Yalikuwa mabishano mazuri kuliko darasa lolote nililofundisha mwaka ule. Manati mawili yaliachwa nyumbani juma lililofuata. La tatu bado linakuja, lakini limo mfukoni.

Niliahidi kurudi kwa wachawi. Familia moja ya kanisa letu, sitataja jina, walipokea nkambo mmoja mjane kutoka kijijini. Hakumaliza miezi miwili, mtoto wa nyumba akashikwa na homa kali, na usiku ule ule bundi akalia juu ya manjanja. Usiku wa pili tena. Mjomba wa mtoto akasema wazi kwamba ndege huyu hakuwako kabla ya nkambo kuja. Mnajua maneno ya namna hiyo yanaishia wapi. Mama mzee akaanza kulala kikao, chini ya mwembe, kwa kuogopa kulala ndani.

Mtoto alipelekwa kituo cha afya, damu ikapimwa, ikaonekana malaria, akaanza dawa. Hiyo ilisaidia mtoto, haikumsaidia nkambo, maana mjomba alisema malaria inaweza kutumwa. Ndipo nikawaomba wale vijana wa daftari tukeshe katika ua ule. Tulikesha usiku tatu. Usiku wa kwanza tulimsikia tu. Usiku wa pili kulikuwa na mwezi, na tulimwona: mweupe tumboni, uso kama sahani, anaruka bila sauti yoyote, maana manyoya ya bawa lake yana ncha laini zinazomeza upepo. Alishuka karibu na ghala la mahindi, akapanda na kitu mguuni, akaenda kwenye tawi la mwembe. Hakulia kama wanavyomwiga watu. Alikoroma kama mlango wenye kutu.

Asubuhi chini ya tawi lile tulikuta vidonge vyeusi, virefu kama kidole gumba. Bundi humeza panya mzima, kisha hutapika manyoya na mifupa. Tulivipasua kwa vijiti mbele ya familia yote, juu ya gazeti. Fuvu la panya. Fuvu lingine la panya. Meno ya njano. Watoto walisogea karibu, hata yule mgonjwa alitolewa nje akiwa ndani ya blanketi ili aone. Nikawafungulia Walawi 11 penye orodha ya ndege ambao Israeli hawakuruhusiwa kula, na bundi yumo. Nikauliza mjomba anisomee mahali palipoandikwa kwamba ametumwa na mtu. Alitafuta muda mrefu. Ni mtu mwaminifu. Akasema hakuna. Kisha akasema, "Lakini, Pasteri, anaweza kula panya na tena kutumwa." Sikushinda mabishano yale kabisa, nawaambia ukweli. Ila neno la kumrudisha nkambo kijijini halikusemwa tena nyumbani mle, na usiku ule alilala ndani.

Yeye mwenyewe muda wote alikuwa amekaa kimya, miguu ameinyosha, anatazama yale mafuvu. Mwishoni aliuliza kama ndege huyo anakula pia vifaranga. Nikamwambia kwa sehemu kubwa ni panya.

"Basi akae," alisema. "Panya zimemaliza mahindi."